Minyanya Iliyojikunja Majani Nyuma ya Nyumba

Mama mmoja, mke wa askari polisi, ametuandikia barua na ndani yake ametia jani kavu la mnyanya. Jani hilo lilitufikia limevunjika vipande viwili, lakini hata hivyo liliweza kusomeka: lilikuwa dogo kupita kiasi, limejikunja kuelekea juu mfano wa kijiko, na kingo zake zimegeuka rangi ya manjano. Anatueleza kwamba alipanda miche sitini nyuma ya nyumba yake kambini. Majuma ya kwanza ilistawi vizuri. Baadaye ikadumaa, majani ya juu yakajikusanya kama ngumi, maua yakapukutika kabla ya kufunga matunda, na katika miche yote sitini hakuvuna hata ndoo moja. Mumewe alinunua dawa ya kunyunyiza mara tatu, na kila mara fedha zilitoka katika mshahara uleule unaolipa karo ya watoto. Jirani wa kulia alimwambia udongo umechoka. Jirani wa kushoto alimwambia kuna mtu mwenye jicho baya. Swali lake kwetu ni fupi: atumie dawa gani?

Jibu letu halitampendeza. Hakuna dawa. Haipo katika duka la pembejeo la mjini, wala haipo ng'ambo. Mnyanya ukishapatwa na ugonjwa huu hauponi tena, nao hubaki nao mpaka ung'olewe au ukauke. Lakini swali la mama huyu si la bure hata kidogo. Watafiti wa nchi mbalimbali wamekuwa wakilishughulikia kwa zaidi ya miaka sitini, na baadhi ya mambo waliyoyagundua yanafaa zaidi kwa watu wanaoishi kama tuishivyo sisi kambini, nyumba kwa nyumba, bustani kwa bustani, kuliko kwa mkulima mkubwa aliye peke yake katika shamba lake.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Wakulima wa Tanzania huuita "rasta", kwa sababu ya namna majani ya juu yanavyojisokota na kubanana. Wataalamu huuita ugonjwa wa majani ya manjano yaliyojikunja, nao husababishwa na kirusi. Habari zake za mapema zilitoka katika bonde la mto Yordani, ambako mwishoni mwa miaka ya 1930 minyanya iliharibika vibaya wakati uleule kulipokuwa na wingi wa mdudu mdogo mweupe. Miaka mingi ilipita kabla mambo hayo mawili hayajaunganishwa kwa uhakika. Ilikuwa mwaka 1964 ambapo watafiti wawili wa Israeli, Cohen na Harpaz, walipochapisha majaribio yao yaliyoonyesha kuwa mdudu huyo ndiye auchukuaye ugonjwa kutoka mnyanya mmoja hadi mwingine. Si udongo wala si mvua. Na, kwa idhini ya jirani wa kushoto, si jicho.

Mdudu huyo ndiye inzi mweupe. Jina hili linapotosha kidogo, kwani hana udugu na inzi wa jikoni. Yu karibu zaidi na vidukari, wale wadudu wanaojaa kwenye vichipukizi vya kunde. Urefu wake hufikia milimita moja hivi. Mchana wa jua kali, tikisa mnyanya nawe utaona kama unga unaoruka kisha unatua tena. Geuza jani, kwa maana makao yake ni upande wa chini. Hapo hutaga mayai, hapo watoto wake hunyonya utomvu bila kuhama, na hapo ndipo wanapopata mabawa. Katika joto la nchi zetu, safari yote ya tangu yai hadi mdudu mwenye mabawa huchukua majuma matatu hivi. Msimu mmoja wa nyanya, kwa hiyo, unatosha vizazi vinne au vitano.

Hapa niungame jambo. Kabla sijahamishiwa kazi ya ofisini nilikuwa mwalimu, na shule yetu ilikuwa na bustani. Mwaka mmoja minyanya ya wanafunzi ilijikunja sawasawa na jani hili la bahashani. Nilisimama mbele ya darasa, chaki mkononi, nikawaeleza kwa kujiamini kwamba mimea imekosa mbolea. Tukatia samadi mara mbili. Majani hayakukunjuka. Katika mwaka wote huo hakuna aliyegeuza jani hata moja kutazama chini yake, na mwalimu ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza.

Sasa tuje kwenye dawa ya kunyunyiza, maana hapa ndipo fedha nyingi za familia zinapopotelea. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa inzi mweupe akinyonya jani gonjwa kwa dakika kumi na tano hadi thelathini tu, amekwisha pata kirusi. Kirusi hicho hupita tumboni mwake, kikaingia katika damu yake na kufikia tezi za mate. Kazi hiyo huchukua saa nane au zaidi. Baada ya hapo, kila mnyanya mzima atakaounyonya kwa muda mfupi kama ule wa mwanzo huenda ukaambukizwa, naye ataendelea kuwa hatari kwa majuma, karibu uhai wake wote. Imeonekana pia kuwa majike huambukiza zaidi kuliko madume.

Hebu tupige hesabu, mama. Umenyunyiza leo asubuhi. Inzi waliokuwa kwenye minyanya yako wamekufa, tuseme wote, ingawa hawafi wote, kwani katika nchi nyingi wadudu hawa wamekuwa sugu kwa aina nyingi za sumu. Saa nane mchana upepo unaleta wengine kutoka kwa jirani, ambako kuna minyanya mizee iliyoachwa kwa sababu imekwisha vunwa. Inzi mmoja aliyebeba kirusi anatua, ananyonya kwa nusu saa, halafu anakufa kwa sumu yako. Umemwua, lakini amekwisha fanya kazi yake. Majani yako hayataonyesha lolote mpaka baada ya majuma mawili au matatu, nawe wakati huo utadhani dawa ya leo ilifaa na ile ya majuzi ndiyo iliyokuwa mbovu. Utanunua nyingine. Sumu hiyo unaipulizia nyanya ambazo watoto watazichuma na kuzila wakiwa njiani kutoka shule, bila kungoja siku zilizoandikwa kwenye kopo, na mara nyingi bila yeyote kulisoma kopo lenyewe. Nyanya ya mmea mgonjwa haimdhuru mlaji, maana kirusi hiki ni cha mimea wala si cha watu. Kinachoweza kumdhuru mtoto ni ile dawa ambayo haikuponya kitu.

Kirusi chenyewe ni kitu cha ajabu, na wasomaji wapendao sayansi watanivumilia. Mwaka 1988 kikundi cha Henryk Czosnek, huko Rehovot, Israeli, kilifaulu kukitenga na kukitazama kwa hadubini ya elektroni. Chembe zake huonekana zimeshikamana mbilimbili kama mapacha. Ndiyo sababu jamii nzima ya virusi hivi ikapewa jina la mapacha kwa Kilatini. Mwaka 1991 kikundi hicho kilichapisha maandishi yake yote ya urithi. Ilikuwa duara moja tu lenye herufi zipatazo 2,800. Herufi hizo hazifiki robo ya zile zilizomo katika makala haya unayoyasoma, ilhali zinatosha kuangusha shamba zima. Watafiti wengi walishangaa, kwa kuwa virusi vya jamii hii vilivyoletwa na inzi mweupe na ambavyo vilikuwa vimechunguzwa kabla yake vilikuwa na maduara mawili.

Je, kirusi kilichokunja minyanya ya mama yetu ndicho kilekile cha bonde la Yordani? Huenda sicho, huenda ni binamu yake. Mwaka 1997 wataalamu waliandika habari za kirusi cha jamii hii kilichopatikana katika minyanya ya Tanzania, nao wakaona kwamba ni cha aina yake. Mwaka 2006 zikatolewa habari za kingine kutoka hapa Uganda, kilichotokana na minyanya ya Iganga, nacho kikapewa jina la nchi yetu. Si heshima ambayo mtu angeiomba. Maana yake ni kwamba virusi hivi havikuletwa vyote kwa meli; vingine ni wenyeji wetu wa siku nyingi.

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka jambo jingine linalofanana na hili. Mwaka 1988 ugonjwa mkali wa batobato la mihogo ulionekana kaskazini mwa Luwero, na katika miaka ya 1990 ukaisambaa nchi, mashamba yakaachwa na watu wakakosa chakula. Watafiti waligundua mwaka 1997 kuwa virusi viwili vya muhogo vilikuwa vimechanganyika na kuzaa kingine kikali zaidi. Aliyeubeba ugonjwa huo alikuwa inzi mweupe. Wataalamu wa siku hizi huwagawa inzi hao katika makundi mengi, na wale wapendao muhogo kwa kawaida si wale wa minyanya; kwa hiyo asije mtu akang'oa mihogo yake kwa sababu ya makala haya. Lakini somo la mihogo tulilipata kwa gharama kubwa: ugonjwa wa namna hii haukomeshwi na mtu mmoja mmoja, na mkulima aliyekaribia kupona mwaka huu huanguka tena mwaka ujao iwapo wanaomzunguka wamebaki na mimea migonjwa.

Kuna njia nyingine ambayo ugonjwa husafiria, nayo inatuhusu sana sisi watu wa uhamisho. Askari akipewa barua ya kwenda kituo kingine, mkewe hufunga vyombo, magodoro na kuku, na juu ya mizigo huweka kopo la miche. Ni desturi nzuri ya mwanamke hodari, lakini ndiyo desturi iliyokipeleka kirusi cha Yordani ng'ambo ya bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilitokea katika visiwa vya Karibi, mbali sana na makao yake. Maandishi yake ya urithi yalipolinganishwa, yalikuwa karibu sawa kabisa na yale ya Israeli, na watafiti wanaamini kuwa kiliingia pamoja na miche ya nyanya iliyosafirishwa. Mche ulioambukizwa majuzi hauna dalili. Ni wa kijani, umenyooka, unapendeza. Kufikia mwaka 1997 kirusi hicho kilikuwa kimeonekana Florida, Marekani.

Mbegu, kwa upande wake, haina hatia kubwa. Mwaka 2016 watafiti wa Korea ya Kusini waliandika kwamba kirusi kinaweza kupita katika mbegu, na habari hiyo iliwashtua wengi. Lakini wengine walipolirudia jambo hilo kwa majaribio marefu, hawakuona mche uliougua kwa njia hiyo. Basi, mama aendaye kituo kipya abebe mbegu katika karatasi, na miche aiache. Mikono pia haina hatia katika ugonjwa huu. Nalisema hili kwa sababu vipo virusi vingine vya nyanya, kama kile cha batobato la tumbaku, ambacho hupita kwa mkono na kisu, hata kwa vidole vya mvuta sigara. Hiki cha kujikunja hakisambazwi hivyo. Humngoja inzi.

Turudi Karibi, kwa kuwa huko ndiko lilikofanyika jambo ambalo ningependa kila mkuu wa kambi alisikie. Jamhuri ya Dominika ilikuwa na mashamba makubwa ya nyanya za viwandani, zile zinazosindikwa kuwa nyanya za kopo. Kirusi kilipoingia, mavuno yakaporomoka. Wakulima walinyunyiza, wakanyunyiza tena, hasara ikazidi. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ilichukua hatua ambayo mwanzoni ilionekana kama adhabu: kwa miezi mitatu kila mwaka, nyanya na mimea mingine inayopendwa na inzi mweupe ilipigwa marufuku mashambani.

Sababu yake ni rahisi ukishamjua mdudu. Inzi mweupe mwenye mabawa huishi majuma machache tu, na akikosa jani la kunyonya humaliza siku zake upesi zaidi. Wale waliobeba kirusi hufa. Wanaozaliwa katika magugu yasiyo na ugonjwa hukua wakiwa safi, kwani kwa kawaida mdudu hana budi kunyonya mmea mgonjwa kwanza ndipo aambukize. Watafiti waliwakamata inzi na kuwapima mwezi baada ya mwezi, wakaona kirusi kikififia katika muda wa marufuku na kubaki nadra mwanzoni mwa msimu, kisha kikarejea polepole kadiri msimu ulivyosonga. Inzi hawakumalizika. Kilichokatika ni mnyororo wa ugonjwa, kwa muda wa kutosha mche mchanga kukomaa. Mnyanya ulioambukizwa ukiwa mchanga hauzai. Ulioambukizwa umekwisha funga matunda bado humpa mwenyewe kitu. Kwa hatua hiyo, pamoja na mbegu stahimilivu, kilimo cha nyanya huko kilisimama tena.

Kuhusu mbegu hizo, niseme machache. Katika Chile na Peru kuna nyanya za mwituni, ndogo na zisizofaa kwa mchuzi, ambazo kirusi hiki hakizishindi kwa urahisi. Watafiti walizizalisha na nyanya za kawaida, na mwaka 1994 walitangaza mahali ulipo urithi mmoja wa ustahimilivu huo, wakauita Ty-1. Leo mbegu chotara nyingi zinao huo au ndugu zake, na pakiti zake huandikwa herufi TYLCV au Ty. Bei yake ni kubwa. Kwa maoni yangu, mwenye miche ishirini na afadhali anunue hizo chache kuliko kununua chupa tatu za sumu. Hata hivyo asidanganyike: mmea stahimilivu huenda ukabeba kirusi bila kuonyesha dalili, na inzi akakichota humo na kukipeleka kwa jirani mwenye mbegu ya kawaida. Tena ustahimilivu uliopimwa dhidi ya kirusi cha Yordani huenda usiwe na nguvu ileile mbele ya binamu zake wa huku.

Basi, mama mpendwa, hili ndilo tunalokushauri. Minyanya iliyojikunja usiitazamie tena. Amka mapema, kabla jua halijapasha joto na inzi wangali wazito, uing'oe mmoja mmoja na kuitia ndani ya gunia papo hapo ili wadudu wasitawanyike, kisha ichome au uifukie. Halafu, kabla hujapanda mingine, tembea. Tazama nyuma ya nyumba zote za mstari wako. Tazama hasa jalala la jiko la mesi, ambako mbegu za nyanya zilizotupwa huota zenyewe na minyanya hukua mwaka mzima bila mwenyewe. Hiyo ya kujiotea ndiyo ghala la ugonjwa katika kambi nyingi. Magugu kama mnanaha nayo yaondolewe.

Katika miji ya raia jambo hili ni gumu, kwa sababu kila mtu ana bustani yake na saa yake. Kambini ni tofauti. Kuna paredi ya usafi kila juma, kuna mkuu ambaye neno lake husikika kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, na kuna umoja wa akina mama wanaokutana. Miezi miwili au mitatu bila mnyanya mmoja kambini, kisha wote wapande pamoja: ni amri ndogo kuliko nyingi zinazotolewa. Itawaumiza wachache wenye matunda mabichi siku ya kung'oa, nao wapewe muda wa kuvuna kwanza. Na kwa kuwa inzi huja pia kutoka mashamba ya wanakijiji nje ya ua, yafaa wao nao waalikwe kushauriana.

Kitaluni, funika miche. Chandarua cha mbu hakitoshi, kwani matundu yake humpitisha inzi mweupe bila taabu. Panatakiwa wavu wenye matundu madogo zaidi, yasiyofikia milimita moja. Watafiti nchini Kenya wamejaribu nyavu za namna hiyo, na miche iliyokuwa chini yake ilipata inzi wachache kuliko ile ya wazi. Majuma manne ya kwanza ndiyo ya kulindwa kuliko yote. Kwa watoto, tafuteni kipande cha bati au plastiki ya manjano, mkipake mafuta mazito na kukisimamisha bustanini. Inzi hupenda rangi hiyo, nao watanasa. Bati hilo halitaokoa minyanya, lakini litakuonyesha siku wadudu walipofika, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuwahesabu kila jioni na kuandika katika daftari.

Jani la bahashani tumeligandisha kwenye ubao wa ofisi yetu. Mama aliyelileta atuandikie tena baada ya kupanda, na atuambie majirani wa kulia na wa kushoto walijibuje alipowaomba wang'oe.

Juma lijalo: kuhifadhi maharage yasibunguliwe, na barua tatu kuhusu kuku wanaokula mayai yao.